Sanduku la Madubwana: barua zenu kuhusu Godzilla, Uhura na katuni zilizoota ukungu

Barua za safari hii zimekuja nyingi. Iliyotoka Tanga tumeipa nafasi kubwa kuliko zote kwa sababu inauliza namna ya kufanya, si nani atamshinda nani. Za nani atamshinda nani zipo kumi na kitu, zimewekwa kando.

Salaam mhariri. Nimemwona Godzilla wa mwaka 1954, yule wa rangi nyeusi na nyeupe ambaye hata mtoto anajua ni mtu ndani ya mpira. Kisha nikaona madubwana ya siku hizi ya kompyuta. Mbona yule wa zamani ndiye anayenitia hofu? Halafu, sisi vijana watatu tunataka kutengeneza filamu fupi ya dubwana linalobomoa mji. Tuna simu moja na maboksi. Tuanzie wapi? – Chumbageni, Tanga

Kinachokutisha ni uzito, na kwenye skrini uzito ni suala la muda. Chukua jiwe liachie kutoka mita 50: litafika chini baada ya sekunde 3.2 hivi. Liachie kutoka mita 2: sekunde 0.64. Jicho lako halijui fizikia, lakini limeona vitu vikianguka tangu utotoni. Likiona ghorofa linaporomoka kwa nusu sekunde, linajua papo hapo kwamba lile ni boksi.

Godzilla wa 1954 alikusudiwa kuwa na urefu wa mita 50. Suti ilikuwa ya mita 2 hivi, na Tokyo ikajengwa kwa kipimo cha 1 kwa 25. Kanuni ya mafundi wa kazi hii ni fupi: tafuta kipeuo cha pili cha kipimo, kisha zidisha kwa kasi ya kawaida ya filamu. Kipeuo cha pili cha 25 ni 5, na filamu huonyeshwa kwa fremu 24, yaani picha tuli 24, kwa sekunde. Kwa hiyo piga picha kwa fremu 120 kwa sekunde, uonyeshe kwa 24. Kila kinachoanguka kitachukua muda mara 5 zaidi, na jicho litakubali kwamba ni kikubwa. Hata hatua hubadilika: mtu anayetupa mguu kila nusu sekunde anakuwa dubwana linalotua mguu kila sekunde mbili na nusu. Katikati ya hatua na hatua ndipo hofu inapoingia.

Madubwana mengi ya kompyuta huharibikia hapo. Kompyuta haichoki, basi mwongozaji analirusha dubwana la mita 100 kama paka. Haruo Nakajima, aliyekuwa ndani ya suti mwaka 1954, hakuwa na uwezo wa kuruka hata angetaka. Suti ya kwanza ilikuwa na uzito wa kilo 100 hivi na ngumu kiasi kwamba ilikatwa ikatumika kwa picha za sehemu za mwili tu. Aliyoyafanya ndani ya suti ya pili aliyasomea kwa kwenda bustani ya wanyama kutazama tembo na dubu wanavyotembea. Aliendelea na kazi hiyo mpaka 1972, jumla ya filamu 12 za Godzilla.

Lakini tusiisingizie kompyuta. Filamu ya Godzilla ya 2023, iliyoongozwa na Takashi Yamazaki na kupata Oscar ya athari za picha mwaka 2024, imejaa kazi ya kompyuta: mikato (vipande vya filamu) 610 iliyofanywa na watu 35. Dubwana lake ni zito kwa sababu waliheshimu muda.

Sasa simu yenu. Fungueni kamera upande wa slomo, yaani mwendo wa polepole, muone inapiga fremu ngapi. Ikiwa ni 120 na mtahariri filamu kwa 24, jengeni mji wa 1 kwa 25. Ikiwa programu yenu ya kuhariri inalazimisha 30, basi 120 kugawa kwa 30 ni 4, na 4 mara 4 ni 16: jengeni kwa 1 kwa 16. Simu ya 240 kwa filamu ya 24 inawapeleka mpaka 1 kwa 100, na hapo mtu wa kuvaa suti hafai tena, ila dinosaria wa plastiki wa sentimita 50 anakuwa dubwana la mita 50. Tahadhari moja: baadhi ya simu za bei nafuu huandika 240 lakini fremu nyingine zinabuniwa na programu yenyewe. Pigeni picha ya maji yanayomwagika. Mkiona kingo za matone zinayeyuka kama nta, zile fremu ni za kubuni. Rudini kwenye 120.

Vipimo vya 1 kwa 25: ghorofa moja ya mita 3 inakuwa sentimita 12, mlango wa mita 2 unakuwa sentimita 8, daladala la mita 7 linakuwa sentimita 28. Kamera iwekwe mahali ambapo mtu wa mji ule angesimama. Macho ya mtu yako kama mita 1.6 kutoka chini, kwa hiyo lenzi iwe sentimita 6 na kitu juu ya barabara yenu. Simu igeuzwe kichwa chini ili lenzi iwe karibu na ardhi, kisha picha igeuzwe wakati wa kuhariri. Mkipiga kutoka usawa wa kiuno chenu, mmeshaharibu. Huyo ni mtu mzima anayewatazama watoto wakicheza.

Boksi halivunjiki. Linajikunja, na jengo linalojikunja linachekesha. Maboksi yatumieni kwa majengo ya nyuma yasiyoguswa. Kuta za kubomolewa zimwagwe kwa unga wa jipsam, ule wa mafundi wa dari: vikombe 2 vya unga kwa kikombe 1 cha maji, mmwage juu ya kioo au plastiki iliyonyooka kwa unene wa milimita 5. Mkizidisha maji kidogo ukuta unakuwa dhaifu, na hapa udhaifu ndio tunaoutaka. Baada ya nusu saa hivi unakuwa umeshika lakini bado una unyevu. Huo ndio wakati wa kuchora mistari kwa kisu upande wa nyuma, vipande visivyolingana, kina cha nusu ya unene. Acheni ukauke siku mbili. Ukuta mbichi hauvunjiki, unabomoka kama ugali.

Ndani ya jengo msiache utupu. Wekeni sakafu za karatasi ngumu, vijiti na mabaki ya jipsam, kwa sababu ukuta ukifunguka mtazamaji anachungulia ndani. Vumbi lipatikane kwa jivu lililochekechwa, likae juu ya kila sakafu likisubiri kuanguka. Msitumie unga wa ngano karibu na moto wa aina yoyote: unga uliotawanyika hewani unaweza kulipuka kweli. Na vaeni barakoa, jivu na jipsam si vitu vya kuvuta puani.

Mwanga ndio utakaowatesa. Kwa fremu 120 kila picha inapata mwanga sehemu moja ya tano ya ile inayopata kwa 24. Pigeni nje, jua la saa tatu au saa nne asubuhi likitokea ubavuni. Mkiingia ndani mkategemea taa za nyumbani, mtakuta picha inapepesa. Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo taa nyingi hupwita mara 100 kwa sekunde. Kamera ya 120 haiendi sambamba na mapigo hayo, na baada ya kupunguza kasi mtaona mwanga ukipanda na kushuka kama mara 4 kila sekunde. Hakuna programu ya simu inayoliondoa hilo vizuri.

Moto na maji acheni. Tone la maji lina ukubwa wake na halipungui kwa sababu mmejenga mji mdogo. Bahari ya kwenye beseni itabaki beseni. Mwali wa moto hali kadhalika: ukifika ghorofa ya tatu ya jengo la sentimita 36, kila mtu anaona kibiriti. Tumieni moshi.

La mwisho kwa mvaa suti: asijitie kutembea polepole. Hilo ndilo kosa la kila anayeanza. Kamera imeshapunguza kasi. Akipunguza na yeye, dubwana litaonekana linaogelea. Atembee kwa nguvu zake za kawaida, azungushe kiwiliwili kabla ya kichwa, na mguu utue kwa kishindo cha kweli. Mbele ya kamera vuteni nyuzi nyembamba kama nyaya za umeme. Nyuzi tatu tu, na dubwana linaongezeka ukubwa bila gharama.

Kwani dubwana la mita 50 haliwezi kuwepo kweli? Mwalimu wetu wa fizikia amelicheka darasani. – Kisumu

Mwalimu yuko sahihi, na hesabu yake ni tamu. Mkuze mtu wa mita 2 mpaka mita 50: urefu umeongezeka mara 25. Nguvu ya mfupa inategemea eneo la mkato wake, nalo limeongezeka 25 mara 25, yaani mara 625. Uzito unafuata ujazo, 25 mara 25 mara 25, ambao ni mara 15,625. Gawanya: kila sentimita ya mraba ya mfupa inabeba mzigo mara 25 wa ule wa mwanzo. Paja linavunjika kabla dubwana halijapiga hatua. Galileo aliliandika jambo hili mwaka 1638. Tazama miguu ya tembo kisha ya swala: tembo si swala aliyekuzwa, miguu yake ni minene kupita uwiano, kama nguzo.

Kwa wadudu hali ni mbaya zaidi. Mdudu hana mapafu, hewa inamwingia kupitia vijitundu na mirija ubavuni, na njia hiyo haitoshi mwili mkubwa. Siafu wa ukubwa wa basi angekosa pumzi palepale alipo.

Kwetu hili si dosari. Filamu inaruhusiwa uongo mmoja mkubwa mwanzoni, baada ya hapo idai ukweli kwa kila kitu kingine. Inayotuchosha ni ile inayoongeza uongo mpya kila dakika kumi.

Nataka kuanza kumfuatilia Godzilla kwa mpangilio lakini filamu ni nyingi mno. Nianze na ipi, niruke ipi? – Kirumba, Mwanza

Usifuate namba. Za Toho, kampuni ya Japani inayomtengeneza Godzilla, za kipindi cha kwanza, 1954 hadi 1975, ni 15. Za 1984 hadi 1995 ni 7. Za 1999 hadi 2004 ni 6. Juu yake kuna za Marekani na mpya za Japani. Hakuna anayekulazimisha kuzimaliza.

Anza na ya 1954 ya Ishiro Honda, ya Kijapani yenyewe, dakika 96. Ukiona mwanahabari Mmarekani anasimulia, umeshika toleo la 1956 lililokatwakatwa mpaka dakika 80 hivi, na mwigizaji Raymond Burr amechomekwa humo. Mengi ya uchungu wa vita na bomu yalipunguzwa. Ni muhimu uone ya asili, kwa sababu filamu ile ilitoka Novemba 1954, miezi minane tu baada ya bomu la haidrojeni la Marekani kule kisiwa cha Bikini kuwanyunyizia majivu ya mionzi wavuvi 23 wa Kijapani waliokuwa kwenye mashua yao. Mmoja wao, opereta wa redio, alifariki Septemba mwaka huohuo. Filamu inaanza na chombo kinachoteketea baharini, na watazamaji wa Japani hawakuhitaji kuelezwa.

Kisha ruka moja kwa moja mpaka ya 2023. Halafu ya 2016, ambamo Godzilla ana mita 118.5 na adui mkubwa zaidi ni vikao vya serikali. Kila mtu aliyewahi kusubiri muhuri dirishani ataipenda. Ukishaona hizo tatu rudi kwa ya 1964 ya Mothra, nondo mkubwa, ili uone rangi na muziki wa Akira Ifukube ukiwa umekomaa.

Za mwanzoni mwa miaka ya 1970 ni za watoto. Godzilla alishageuka mlinzi wa dunia. Zimwi likujualo halikuli likakwisha, na huyu alishafahamiana na kila mtu. Zina raha yake Jumamosi mchana. Ya Marekani ya 1998 iruke. Mjusi anayekimbia makombora si Godzilla, na hapa hatutaki mjadala.

Jambo dogo: kama unaangalia zile zilizotiwa sauti na madijei wetu, tafuta pia nakala isiyotafsiriwa. Dijei mzuri ana uhondo wake, lakini sauti yake inafunika mngurumo, na mngurumo ndio nusu ya Godzilla. Swali linalofuata linahusu hilohilo.

Mngurumo wa Godzilla ni wa mnyama gani? Nimeambiwa simba, wengine wanasema tembo. – Msamvu, Morogoro

Si mnyama. Walijaribu sauti za wanyama, hazikukubali. Mtunzi wa muziki Ifukube akachukua besi kubwa ya kusimama, akalegeza uzi, akavaa glavu ya ngozi iliyopakwa utomvu wa msonobari na kuuvuta uzi kwa mkono. Sauti ikarekodiwa kisha ikachezwa kwa kasi ndogo. Utomvu unanata na kuachia, unanata na kuachia, mara nyingi kwa sekunde. Ule mkwaruzo ndio unaofanya sauti iwe kama inachanika.

Unaweza kujaribu kwa gitaa la besi, hata kwa zeze. Legeza uzi mpaka ukaribie kulia hovyo, pakaa ulimbo kidogo kwenye kipande cha ngozi kavu, bana uzi kwa vidole na uvute kwa urefu wake, usikatishe. Rekodi karibu sana. Kwenye programu punguza kasi kwa nusu: sauti inashuka oktavu nzima na kurefuka maradufu. Ikitoka kama mlango mbovu, umeweka ulimbo mwingi au umevuta polepole. Na uhakikishe umepunguza kasi yenyewe. Programu nyingi zina kitufe kingine kinachorefusha sauti bila kuishusha, na hicho hakikusaidii.

Sauti nyingi za kisayansi tunazozipenda zimetoka vyombo vya nyumbani. Chombo cha kusafiria wakati cha Doctor Who, tamthilia ya televisheni ya Uingereza, kinapoondoka, ile sauti ya kuhema na kukwaruza ni ufunguo wa mlango uliopitishwa kwenye nyuzi nene za piano mbovu. Kazi ya Brian Hodgson wa BBC. Upanga wa mwanga wa Star Wars ni mlio wa mota ya projekta ukichanganywa na mwingiliano wa televisheni, na ule mvumo wa upanga kupita hewani ulipatikana kwa kupunga maikrofoni mbele ya spika.

Ni kweli Uhura wa Star Trek anaongea Kiswahili, au ni mambo ya vijiweni tu? – Michenzani, Unguja

Ni kweli. Jina lenyewe ni *uhuru* lililobadilishwa irabu ya mwisho. Nichelle Nichols, aliyemwigiza Uhura, alieleza kwamba siku ya usaili alikuwa na riwaya yenye jina hilo mkononi, na mwanzilishi wa tamthilia, Gene Roddenberry, akaligeuza likae kama jina la mwanamke. Sisi tunaofahamu kwamba Kiswahili hakina herufi ya kike mwishoni tunatabasamu tu. Mhusika huyo anatoka Muungano wa Afrika wa karne ya 23, na Kiswahili ni lugha yake ya kwanza.

Kinasikika wapi? Katika kipindi cha kwanza kabisa kurushwa, tarehe 8 Septemba 1966, kiumbe mla chumvi anajigeuza mwanamume Mwafrika na kumsemesha Uhura kwa Kiswahili pale kwenye korido. Katika msimu wa pili, mashine inayoitwa Nomad inafuta kumbukumbu za Uhura. Anapofundishwa upya kusoma Kiingereza anakwama, na hasira inamtoka kwa Kiswahili. Usitegemee lafudhi ya Michenzani. Ila fikiria mwaka: 1966, televisheni ya taifa ya Marekani, na lugha ya dada wa Kiafrika anayesimamia mawasiliano ya chombo cha anga ni hii tunayoandikia hapa. Jina lake la kwanza, Nyota, lilikuwa limeshazoeleka kwa mashabiki vitabuni kabla ya kutamkwa kwenye filamu mwaka 2009.

Wa kwetu mwingine anayesahauliwa ni rubani msaidizi mwenye mashavu yaliyoshuka katika filamu ya Star Wars ya 1983, anayekaa na rubani Lando. Anaongea Kikikuyu. Sauti ni ya mwanafunzi Mkenya aliyekuwa Marekani.

Kwa nini kwenye Star Trek watu wanayeyuka na kutokea kwingine badala ya kutua na chombo? Na kwa nini mashine ya Doctor Who ni kibanda cha polisi? – Nakuru

Pesa. Kutua na chombo kila wiki kulihitaji modeli, mandhari na siku za kupiga picha ambazo bajeti ya 1966 haikuwa nazo. Kuyeyuka kulihitaji picha mbili za jukwaa lilelile, moja ina watu na nyingine haina, na unga unaometameta katikati. Faida haikuwa ya pesa pekee: hadithi inafika sayarini ndani ya sekunde tano. Hasara yake ni kwamba waandishi walilazimika kuiharibu mashine hiyo kila walipotaka wahusika wapate shida ya kweli. Hesabu utaona.

Doctor Who vivyo hivyo. Mashine ilipaswa kubadilika ifanane na mahali ilipotua, nguzo huku, jabali kule. Kutengeneza umbo jipya kila hadithi kulikuwa ghali, basi ikasemwa imeharibika na kukwama kuwa kibanda cha polisi wa Uingereza. Kwa maoni yetu hilo ndilo wazo bora la tamthilia nzima, na lilitoka kwa mhasibu.

Nimesikia vipindi vya zamani vya Doctor Who vilipotea na vingine vikapatikana Afrika. Vilifikaje huku? – Kigamboni, Dar es Salaam

Tamthilia ilianza tarehe 23 Novemba 1963, na miaka ile ukanda wa video ulikuwa ghali. BBC ilifuta na kurekodi juu yake. Hakuna aliyewaza kwamba mtu atataka kuangalia tena. Lakini kwa ajili ya kuuza nje, vipindi vilihamishiwa kwenye filamu ya milimita 16, kwa kuipiga picha skrini. Nakala hizo zilizunguka vituo vya televisheni vya nchi za Jumuiya ya Madola: kituo kimoja kikimaliza kinapeleka kwa kingine, cha mwisho kinatakiwa kurudisha au kuharibu. Bahati yetu wengine hawakufanya lolote kati ya hayo mawili. Mwaka 2013 ilitangazwa kwamba vipindi 9 vilivyokosekana vimekutwa Jos, Nigeria, vikiwa na vumbi kwenye chumba cha kituo cha televisheni.

Kati ya vipindi 253 vya miaka ya 1960, zaidi ya 90 vilikuwa bado havipo baada ya ugunduzi huo. Sauti zake zote zipo, kwa sababu mashabiki walikuwa wakiweka vinasa sauti mbele ya televisheni zao.

Ukiwa unafanya kazi kwenye stoo ya kituo cha zamani na ukakuta makopo ya filamu, usiyafungue kwa pupa. Harufu kali ya siki ina maana filamu inaoza. Itenge na nyingine, iweke penye ubaridi na ukavu, usiipitishe kwenye projekta. Soma karatasi ya kwenye kopo kwanza, piga picha maandishi, ndipo utafute mtaalamu.

Hulk alikuwa wa kijivu au kijani? Tumebishana mpaka tumenuniana. – Arusha

Wote mko sahihi. Toleo la kwanza, la Mei 1962, ni kijivu. La pili ni kijani. Katuni za siku zile zilichapwa kwa vidoto vya wino wa rangi nne: buluu, waridi iliyokolea, njano na nyeusi. Kijivu ni rangi ngumu kuishikilia kwa mtindo huo kwenye karatasi duni, kwani wino mmoja ukizidi kidogo, kinaelekea buluu au kijani. Hulk akatoka tofauti ukurasa hadi ukurasa, na mwandishi wake Stan Lee akaamua wabadilishe. Pataneni.

Nina katuni za zamani kama mia mbili, za Kimarekani na za hapa nyumbani. Nakaa karibu na bahari. Zinageuka njano, pini zinashika kutu na nyingine zimeota madoa meusi. Nifanyeje? – Likoni, Mombasa

Una magonjwa matatu. Umanjano unatoka ndani ya karatasi yenyewe: ni karatasi ya gazeti, ina asidi, na joto na jua vinaiharakisha. Haurudi nyuma, unapunguzwa kasi tu. Kutu na madoa ni unyevu. Ukungu hustawi hewa ikipita asilimia 65 hivi ya unyevu, na pwani hupita hapo muda mwingi wa mwaka.

Tenga zenye madoa leo hii, zisikae na wenzake. Zikaushe kivulini penye upepo wa feni, siku mbili tatu, zikiwa zimefunguka kidogo. Ukungu ukishakuwa vumbi kavu, ufute kwa brashi laini ukiwa nje na barakoa. Usitumie kitambaa kibichi wala jiki. Usianike juani.

Kila katuni iingie kwenye mfuko wa polipropilini pamoja na kadibodi isiyo na asidi nyuma yake. Mifuko laini ya PVC, ile yenye harufu kama pazia jipya la bafuni, hutoa kemikali zinazofanya wino unate kwenye mfuko, iepuke. Zisimame wima ndani ya sanduku la plastiki lenye mfuniko, zisibanane wala zisilale. Tia pakiti za silika, chembe za kunyonya unyevu, zinazobadilika rangi, gramu 50 hivi kwa sanduku dogo, na zikibadilika uzikaushe kwenye oveni ya moto mdogo kama pakiti inavyoelekeza. Funga sanduku siku kavu, si siku ya mvua, vinginevyo umefungia unyevu ndani. Sanduku likae juu ya rafu ya chuma, mbali na ukuta wa nje. Mchwa hawaheshimu toleo adimu.

Pini zenye kutu usizing'oe kwa kucha. Fungua miguu yake kwa kisu butu kutoka katikati ya kitabu, itoe bila kuvuta, na ushone kurasa kwa uzi wa pamba kupitia matundu yaleyale. Gundi ya selotepu usiikaribishe kabisa: baada ya miaka michache tepu inadondoka na kuacha utepe wa kahawia usiotoka. Na usilaminishe. Tumeletewa hapa ofisini katuni iliyolaminishwa tukaombwa ushauri, hapana ushauri.

Za hapa nyumbani zipe nafasi ya kwanza. Ya Kimarekani ina nakala elfu kadhaa duniani na imeshaingizwa kwenye kompyuta na watu wengi. Katuni ya Kiswahili ya miaka ya 1970 au 1980 huenda yako ni miongoni mwa chache zilizosalia, kwa sababu nyingine zilifungia vitumbua. Piga picha kila ukurasa ukiwa mnyoofu, mwanga ukitoka pande mbili, kabla hujagusa pini hata moja.

Nimenunua katuni ya Kijapani, imefungwa kinyume. Nirudishe dukani? – Tabora

Usirudishe. Jalada liko pale unapodhani ni mwisho. Anza kulia, kisanduku cha juu kulia kwanza, kisha kushoto, halafu shuka. Mapovu ya maneno nayo ni kulia kwenda kushoto. Zamani wachapaji wa Magharibi waligeuza kurasa kama kwenye kioo ili kumrahisishia msomaji, na samurai wote wakawa wanashika upanga kwa mkono wa kushoto. Anayesoma Kiarabu atazoea baada ya kurasa tatu.